Mtandao ukikatika, pima kabla ya kumwita fundi

MTANDAO unapokatika nyumbani au ofisini, wengi humlaumu mtoa huduma, ama humlipa fundi kwa kazi ambayo pengine ni waya uliochomoka tu. Hata hivyo, kompyuta yenyewe inaweza kuonyesha hitilafu ilipo bila gharama yoyote.

Njia hiyo ni amri iitwayo ping, iliyoandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss. Jina lake limetokana na mlio wa chombo ambacho nyambizi hutumia kutambua vitu majini: sauti hutumwa, kisha mwangwi wake husikilizwa. Ping nayo hutuma pakiti ndogo ya data na kupima muda ambao jibu linachukua kurudi, kwa milisekunde.

Kwenye kompyuta ya Windows, mtumiaji huandika cmd katika sehemu ya kutafutia ili kufungua dirisha la amri, kisha hupima akianzia karibu kwenda mbali.

Kwanza, huandika ping 127.0.0.1, anwani ya kompyuta kujiita yenyewe. Jibu lisipopatikana, kasoro imo ndani ya kompyuta hiyo.

Pili, huandika ipconfig. Anwani ya ruta huonekana kwenye mstari wa ‘Default Gateway’, naye huipima hiyo. Ikikaa kimya, waya, Wi-Fi au ruta yenyewe ndiyo ya kukaguliwa.

Tatu, hupima anwani ya nje, kama 8.8.8.8 ya Google. Ruta ikijibu na hii isijibu, hapo ndipo inapofaa kumpigia simu mtoa huduma.

Mwisho, hupima jina, kama google.com. Namba ikijibu na jina lisipatikane, tatizo limo katika huduma ya kugeuza majina kuwa anwani.

Muda nao una maana. Kabla ya mkongo wa Seacom kufika Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano mengi ya kimataifa yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi angani, na jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde. Mikongo ya Seacom na EASSy ilipokatika Mei 2024, kasoro ilikuwa baharini. Hakuna fundi wa mtaani ambaye angeitengeneza.

Tahadhari ni moja: baadhi ya seva huzuiwa makusudi zisijibu ping. Ni vyema kupima anwani mbili au tatu kabla ya kutoa hukumu.