Gari bado jipya, mbona analiuza?

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi: "Subaru WRX S4, 2022, namba E, km 14,000, haina tatizo lolote, full AC. Bei milioni 118, maongezi yapo." Picha sita, zote zimepigwa jioni jua likiwa zuri. Binamu yangu alinitumia saa nne usiku na chini yake akaandika neno moja tu: "Umeonaaa?"

Nimeona. Nikamuuliza swali ambalo nadhani na wewe ungeuliza: mtu ana gari jipya, tena la spidi, lita 2.4 lenye turbo, nguvu za farasi zaidi ya 270, gari ambalo vijana wanalipigia picha kwenye foleni. Ameliendesha kilometa 14,000 tu. Kwa nini anauza?

Hilo swali si umbea. Ni swali ambalo liliwahi kuzaa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala ya kurasa 13 iliyoanza na fumbo dogo tu: mbona gari likishatoka showroom, hata kama limetembea siku chache, bei yake inaporomoka kuliko uchakavu wake? Chuma hakijachakaa. Rangi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu mmoja duniani anayelijua gari lile kuliko wewe, na mtu huyo ndiye anayeliuza. (Majarida matatu yaliikataa makala hiyo kabla ya la nne kuikubali. Mawili yaliona ni jambo dogo mno. Kama unaandika tasnifu na umekataliwa wiki hii, jipe moyo.) Mwaka 2001 Akerlof alipewa Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Hesabu yake unaweza kuifanya mezani. Tuseme mjini kuna WRX kumi zinazouzwa. Tano ni nzima, na wewe ungelipa milioni 120 kwa kila moja. Tano ni vimeo, na kwako kimeo hakizidi milioni 80. Kwa macho zinafanana. Kwa kuwa huwezi kutofautisha, mtu mwenye akili atatoa wastani, yaani milioni 100. Sasa mwenye gari zima anajua lake ni zima na hauzi chini ya 110. Akisikia 100 anasema potelea mbali, nitaendelea kuliendesha mwenyewe. Analitoa sokoni. Wenye vimeo, ambao wangeridhika hata na 70, wanabaki wanatabasamu. Ukienda wiki inayofuata, sokoni wamebaki wao tu. Na angalia nani kaumia: wewe ulikuwa tayari kutoa 120 kwa gari zima, mwenzako alikuwa tayari kupokea 110, na bado hamkukutana. Hakuna aliyedanganya kati yenu. Kutoaminiana tu kumewala wote wawili.

Usiichukue nadharia hii kama msahafu, lakini. Mwaka 1982 mtafiti Eric Bond aliangalia pikapu zilizotumika Marekani na hakukuta kwamba zilihitaji matengenezo kuliko zile ambazo wenyewe hawakuziuza. Watu wanauza magari kwa sababu za kawaida kabisa: kahamishwa kikazi, kapata mtoto wa pili, biashara imeyumba. Na soko lina njia zake za kufichua ukweli, kuanzia mafundi mpaka marafiki wanaojuana.

Ila pikapu ya kubebea mizigo si WRX. Gari la spidi lina tabia mbaya: uharibifu wake mwingi hausomeki kwenye kilometa. Chukua turbo. Ndani yake kuna panka linalosukumwa na moshi wa injini, na ukikanyaga mafuta mhimili wake unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini yenyewe haifiki hata 7,000. Mhimili huo unaelea juu ya utando mwembamba sana wa oili. Oili ikiwa ya baridi ni nzito, inachelewa kufika. Kwa hiyo mtu anayewasha gari asubuhi na hapohapo kulikanyaga mpaka mwisho ili majirani wasikie, kila siku anakula chuma kidogo. Kilometa 14,000 za namna hiyo si sawa na kilometa 14,000 za mwalimu anayekwenda Kibaha na kurudi. Dashibodi haitakwambia tofauti.

Na kuna programu. Kompyuta ya injini inaweza kuandikwa upya ili turbo isukume hewa nyingi zaidi, gari lipate nguvu za ziada ambazo kiwanda hakikuzipanga. Kabla ya kuuza, mwenyewe anarudisha programu ya asili, na skana ya kawaida inaweza isione chochote. Injini ilivyoteswa, hilo halifutiki.

Sasa uanzie wapi kutafuta? Anza na vitu ambavyo muuzaji hakufikiria kuvisafisha.

Tairi, kwa mfano. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Gari la 2022 lenye kilometa 14,000 linatakiwa liwe bado na tairi lilizozaliwa nazo, au za umri huohuo. Ukikuta zote nne zimetengenezwa mwaka jana, jiulize: aidha kilometa zimerudishwa nyuma, au kuna mtu amezichoma tairi kwa kilometa elfu chache tu. Majibu yote mawili yana bei. Inawezekana pia maelezo ni mepesi, labda mashimo yalipasua moja akaamua kubadili zote. Basi aseme, na aoneshe risiti.

"Namba E" nayo isikulevye. Namba inakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania. Haikwambii limetengenezwa lini wala limepitia wapi kabla. Mwaka wa kutengenezwa uangalie kwenye kadi, halafu namba ya chasisi ya kwenye kadi uilinganishe na iliyopigwa kwenye bodi. Kama gari lilinunuliwa mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Ikiwa na daraja R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. Karatasi zinaghushiwa, kwa hiyo ihakikishe kwa namba ya chasisi. Usitegemee nakala aliyokutumia muuzaji kwenye WhatsApp.

Na omba ulikute injini ikiwa ya baridi. Hili watu wanalidharau sana. Milio ya turbo iliyochoka, moshi wa bluu wa oili inayoungua, uvivu wa kuwaka, vingi vinajitokeza dakika za kwanza tu. Gari likishapashwa linakuwa na adabu.

Tulikubaliana na yule muuzaji saa nne asubuhi, Jumamosi, nyumbani kwake. Binamu yangu anafanya kazi mgodini, miaka minne anaweka hela hii. Tulifika na fundi wetu. Nikaweka kiganja juu ya boneti: ya moto. "Nimelizungusha kidogo, nikasema lisije likawasumbua," akasema mwenyewe kwa upole kabisa. Sawa.

Fundi akachomeka skana. Hakuna kosa hata moja. Binamu akaniangalia kama mtu aliyefaulu mtihani. Lakini fundi hakuchomoa, akaenda ukurasa mwingine, ule ambao wengi hatuufungui. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana majaribio ya ndani ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe: sensa za oksijeni, katalisti ya kusafisha moshi, mfumo wa mvuke wa petroli. Ukifuta makosa kwa skana, taa ya injini inazimika, lakini majaribio hayo nayo yanarudi mwanzo, yanaandikwa "hayajakamilika", na yanahitaji safari za hali tofauti, wakati mwingine siku kadhaa, mpaka yatimie. Baadhi ya magari yanahesabu pia kilometa tangu makosa yalipofutwa.

Yalikuwa hayajakamilika. Kilometa tangu kufutwa: 11.

Kwa hiyo kosa lilikuwepo, na lilifutwa jana usiku au asubuhi ileile. Kosa gani? Hatujui. Linaweza kuwa sensa ya bei ya kawaida. Linaweza kuwa injini. Binamu akauliza kwa heshima, "Kaka, hili lilifutwa kwa ajili gani?" Muuzaji akasema betri ilibadilishwa. Inawezekana, maana kwenye baadhi ya magari kuchomoa betri kunafuta kumbukumbu hizo. Fundi akainama akaangalia betri. Ilikuwa na vumbi la miezi.

Hapo ndipo muuzaji akasema: "Mdogo wangu, tusichoshane. Toa mia na tano leo leo, tumalize."

Milioni 13 zimeshuka kwa dakika moja. Binamu alikuja na mpango wa kuanzia 110! Alinivuta pembeni, macho yanang'aa. Na ukweli ni kwamba mimi pia moyo ulienda mbio.

Kuna jaribio maarufu la William Samuelson na Max Bazerman, la miaka ya 1980, linaloeleza kwa nini ile furaha ni mtego. Kuna kampuni inayouzwa. Thamani yake kwa mwenyewe ni namba yoyote kati ya 0 na 100, yeye anaijua, wewe huijui. Mikononi mwako itakuwa na thamani mara moja na nusu. Unatoa ofa moja tu. Wengi hutoa kati ya 50 na 75, na inaonekana ni busara. Sasa piga hesabu: umetoa 60, amekubali. Kukubali kwake maana yake kampuni iko kati ya 0 na 60, wastani 30. Kwako ni 45. Umelipa 60. Jaribu namba yoyote utakayo, kwa wastani unapoteza, kwa sababu ofa yako inakubaliwa pale tu anayejua anapoona imemzidi.

Ishushe hiyo mpaka kwenye uwanja wa yule kaka. Kama gari lilikuwa na thamani ya 118, kwa nini 105 imetoka haraka hivi baada ya skana? Punguzo lenyewe ni taarifa. Sisi tumezoea kuhesabu tumeshusha kiasi gani kutoka bei ya kwanza, na ndiyo maana bei ya kwanza ina nguvu. Amos Tversky na Daniel Kahneman walionesha hili mwaka 1974 kwa gurudumu la bahati nasibu lililochezewa lisimame kwenye 10 au 65. Waliulizwa watu: ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ni za Afrika? Waliopata 10 walikisia karibu 25. Waliopata 65 walikisia 45. Gurudumu! Halijui hata Afrika iko wapi. Sasa namba 118 iliyoandikwa na mtu mwenye maslahi itakufanyaje?

Kwa hiyo njoo na namba yako, uliyoipata mahali pengine. Kwa gari la namna hii si kazi ngumu. Tafuta bei yake Japani, mwaka uleule na kilometa zilezile, ongeza usafiri, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA upate kodi, weka gharama za bandarini. Hiyo ndiyo bei ya kumwachia huyu na kuagiza lako. Iandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Binamu alikuwa nayo mfukoni: milioni 112 na ushee, gari lenye daraja la 4.5 mnadani. Yaani ile "nafuu" ya 105 ilikuwa inatuokolea milioni 7 tu, kwa kubeba kosa tusilolijua kwenye injini ya turbo. Ukibadilisha injini hiyo, milioni 7 si kitu.

Tukampa pendekezo lingine, nami naona ndilo lililokuwa la maana kuliko yote siku ile. Tutalipa 112, juu ya ile aliyoomba yeye mwenyewe. Sharti: liendeshwe wiki moja mpaka majaribio ya kompyuta yakamilike, halafu liende gereji tutakayochagua sisi, likapimwe mgandamizo wa silinda zote nne na uvujaji wa turbo. Gharama zetu. Wazo hili linatoka kwa Spence, yule aliyepewa Nobel pamoja na Akerlof: ishara ya kuaminika ni ile ambayo mwongo haimudu. "Haina tatizo lolote" kila mtu anamudu kuiandika. Mwenye gari zima, sharti letu lingemgharimu wiki moja na kumpa milioni 7 zaidi. Mwenye kimeo lingemgharimu biashara nzima.

Akafikiri kidogo. Akasema kuna mteja mwingine anakuja saa nane na ana keshi.

Tukamlipa fundi wetu elfu hamsini, tukala chipsi njiani, binamu hakuongea mpaka Ubungo. Siku tisa baadaye akanitumia tangazo tena. Picha zilezile za jioni. Milioni 109, maongezi yapo.