Ukanda Usiotiwa Mbolea

Mkulima wa mahindi katika Gilgil hutakiwa kila mwaka, mara tu mawingu ya Machi yaanzapo kukusanyika juu ya Eburru, atoe fedha zake kwa jambo asilokuwa na ithibati nalo: anunue mbegu hii aache ile, abadili mbolea ya kupandia aliyoizoea, aongeze dawa ya majani ambayo mwenye duka la agroveti anaisifu kwa ufasaha usio na upungufu, na nasaha anayoitegemea katika uamuzi huo aghalabu imetoka mahali pasipofanana hata kidogo na shamba lake. Makala haya yaeleza njia ambayo kwayo wakulima wenyewe, wakishirikiana majirani kwa majirani, waweza kujipatia ithibati hiyo, na yaeleza vilevile kwa nini mkulima mmoja, hata akiwa hodari wa namna gani, hawezi kuipata peke yake.

Gilgil imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, baina ya Naivasha na Nakuru. Upande wa mashariki ardhi yapanda kuelekea Nyandarua, ambako baridi na mvua huongezeka. Upande wa magharibi yateremka kuelekea Ziwa Elementaita, ambako mvua ni haba na udongo ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, usioshika maji kwa muda mrefu. Katika mwendo wa kilomita chache tu mtu hupita hali ambazo mtaalamu wa mbegu angeziita nchi mbili. Mahindi chotara yaliyotoka Kitale, kuanzia yale ya H611 yaliyotolewa mwaka 1964, yaliundwa kwa nyanda za juu zenye mvua ya kutosha na msimu mrefu. Mahindi ya Katumani yaliundwa kwa ajili ya ukame wa Ukambani, yakomae upesi kabla mvua haijakatika. Na mkulima wa Gilgil yuko katikati ya hayo mawili, mwaka mmoja akijuta kwa kuchagua ya kwanza, mwaka mwingine akijuta kwa kuchagua ya pili.

Tena ardhi ya pande hizi imekwisha kuwahadaa watu wenye elimu zaidi yetu. Katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, wafugaji wa kizungu waliochukua ardhi kubwa kandokando ya Nakuru waliona mifugo yao ikidhoofika na kufa ilhali majani yamejaa machungani; wakauita ugonjwa huo kwa jina la mji, Nakuruitis, na ikachukua miaka mingi kabla haijabainika kwamba hapakuwa na ugonjwa wa kuambukiza wala sumu, bali upungufu wa kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo mno. Ngano nayo, katika udongo wa volkeno wa bonde hilihili, iligunduliwa baadaye kuwa yakosa shaba. Wala kobalti wala shaba haikuwa katika mapendekezo ya jumla ya wakati huo, na hapana jicho lililoweza kuuona upungufu wake kwa kuutazama udongo. Nayataja haya kwa sababu mapendekezo ya jumla, ya mbolea kiasi fulani kwa kila ekari, ni wastani wa mahali pengi, na wastani hauna shamba.

Wapo watakaosema kwamba majaribio yapo tayari, na watanionyesha mashamba ya maonyesho kando ya barabara kuu, yenye vibao vizuri vya rangi. Sina ugomvi na mashamba hayo. Humfundisha mtu nafasi ya kupandia, naye akaiona mbegu mpya kwa macho yake. Lakini onyesho si jaribio. Kipande cha onyesho huchaguliwa mahali penye udongo bora, hupaliliwa kwa wakati, hutiwa mbegu mpya na mbolea mpya na dawa mpya kwa pamoja, na kando yake hapana kipande cha kulinganisha; hata mahindi yakistawi, hapana ajuaye ni lipi katika hayo lililoyastawisha. Mwamba ngoma huvutia kwake, na muuza mbegu hana lawama kwa kuvutia kwake. Lawama ni ya mnunuzi asiyeuliza mahindi yale yangekuwaje bila ya kile alichouziwa.

Swali hilo ndilo moyo wa jambo lote, na jawabu lake hupatikana kwa kuacha ukanda wa shamba usiotiwa kile kinachojaribiwa, ulio bega kwa bega na ukanda uliotiwa, na vingine vyote viwe sawasawa: mbegu ileile, siku ileile ya kupanda, palizi ileile, dawa ileile ya viwavijeshi ikiwa wametokea. Badilisha jambo moja tu. Na ukanda upi utiwe, upi usitiwe, liamuliwe kwa kura au kwa kurusha sarafu, si kwa hiari ya mwenye shamba. Kwa maana mkono wa mkulima, pasipo yeye kukusudia, huipeleka mbolea penye matumaini. Sharti hili la kura, ambalo kwa wengi ni kama mchezo wa watoto, lilipata nguvu ya kanuni kwa kazi ya R. A. Fisher katika kituo cha Rothamsted huko Uingereza, alikoingia mwaka 1919 na kukuta kumbukumbu za majaribio ya mbolea yaliyoanzishwa tangu mwaka 1843.

Sasa natufanye hesabu. Tuseme katika kila ukanda twavuna mistari minne ya katikati, kila mmoja mita tano, kwa nafasi ya sentimita 75 baina ya mstari na mstari, tukiiacha mistari ya pembeni kwa kuwa mizizi yake huiba chakula cha jirani. Eneo letu ni mita 15 za mraba. Ekari moja ni takriban mita 4,047 za mraba. Basi kila kilo moja tunayoipima hapo yasimama mahali pa kilo 270, yaani magunia matatu ya kilo 90 kwa ekari. Tuseme tena kwamba mkulima atia gunia moja la mbolea ya kupandia na moja la kukuzia, kila moja kwa shilingi 2,500, bei iliyowekwa katika mpango wa ruzuku wa mwaka 2023, na usafiri na vibarua vyamgharimu shilingi 1,000; na gunia la mahindi tulikadirie kwa shilingi 3,500. Shilingi zake 6,000 hazirudi mpaka ekari izae gunia moja na karibu robo tatu zaidi ya ile isiyotiwa mbolea. Katika kipande chetu, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu kilo: robo ya gorogoro!

Faida na hasara zatenganishwa na robo ya gorogoro, nasi twazoea kuamua kwa kusimama ukingoni na kutazama ukijani wa majani. Ukijani haupimi kitu. Hata mizani yenyewe yaweza kumhadaa mtu, kwa sababu mahindi yana maji: kilo tano zilizopukuchuliwa zikiwa na unyevu wa asilimia 20 zitabaki kilo 4.6 na ushei zikaukapo hadi asilimia 13.5 zinazotakiwa ghalani, na upungufu huo peke yake, ukihesabiwa kwa ekari, wapita gunia moja. Mbolea yaweza kuharakisha au kuchelewesha kukomaa. Basi anayepima ukanda mmoja ungali mbichi na mwingine ukiwa mkavu amepima maji, hakupima mbolea. Kifaa cha kupimia unyevu kikipatikana kwa kuazimwa katika ghala la nafaka, vema. Kisipopatikana, mahindi ya kanda zote mbili yaanikwe pamoja, siku zilezile, kisha yapimwe.

Hapa ndipo ulipo ulazima wa kushirikiana. Kwa kuwa tofauti itafutwayo ni ndogo, na kila shamba lina kichuguu chake, mkondo wake wa maji, mahali palipokuwa zizi zamani, tofauti ya shamba moja yaweza kabisa kuwa bahati tupu. Walakini bahati haielekei upande mmoja kila mahali. Mashamba manne yakifanya jaribio lilelile kwa kanuni ileile, hitilafu ya wastani wao hupungua kuwa nusu. Mashamba kumi na sita, huwa robo. Hesabu hii haina huruma, kwani kila utakapo kuipunguza hitilafu nusu huna budi kuongeza mashamba mara nne. Lakini pia haihitaji fedha nyingi, kwa sababu kila mkulima atoa vipande viwili tu, na kikundi chote chapata jawabu ambalo hata tajiri wa ekari mia hangelipata kwa kipande kimoja kikubwa. Huko Malawi, katika miaka ya 1990, watafiti waliunda mtindo wa jaribio mama lenye viwango vyote, linalozungukwa na majaribio ya watoto kwa wakulima, kila mmoja akichukua machache tu. Mtindo huo umeenea tangu hapo, na sioni kinachouzuia kukaa Gilgil, kwa kuwa taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ina kituo Njoro, na Chuo Kikuu cha Egerton hakiko mbali.

Na wastani usifiche mashamba yaliyoukataa. Ikiwa katika mashamba kumi na sita mbolea imeleta faida kwa kumi na moja, ya juu kuelekea Nyandarua, ikaleta hasara kwa matano, ya chini kuelekea ziwani, basi hilo ndilo tunda la thamani kuliko wastani wenyewe, maana limewaambia watano waokoe fedha zao.

Asije mtu akadhani haya ni mambo ya vitabuni. Baina ya mwaka 2000 na 2003, huko Busia, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuata wakulima katika mashamba yao wenyewe, wakapima vipande vidogo vilivyopakana: kimoja kikapewa mbegu chotara na mbolea zote kama wizara ya kilimo ilivyopendekeza, kingine mbolea ya kukuzia peke yake kwa kipimo cha kijiko, kingine kikaachwa kama desturi ya mkulima. Nusu kijiko cha chai kwa kila shimo kilileta faida ya asilimia 36 kwa msimu. Pendekezo kamili la wizara, lililozaa mahindi mengi kuliko yote, lilikuwa hasara kwa mkulima wa kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Sidai kwamba kijiko cha Busia chafaa Gilgil, ambako mvua na udongo ni vingine. Nadai kwamba hapana mtu angeijua hukumu ile lau vile vipande vya desturi visingeachwa.

Nao ukanda huo usiotiwa mbolea, nakiri, ndio wenye uzito kwa wakulima. Mama aliyekopa chamani ili anunue mbolea haoni insafu ya kuambiwa anyime mistari michache. Na jirani apitaye atamcheka. Basi kikundi na kiafikiane tangu mwanzo kwamba upungufu wa ukanda huo, ambao ni kilo chache tu, utafidiwa kutoka mfuko wa pamoja. Mwaka 2024 ilipobainika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kwa mpango wa ruzuku ilikuwa chini ya kiwango, wakulima wengi hawakuwa na cha kuonyesha ila malalamiko. Mwenye ukanda wa kulinganisha angeliona kabla mahindi hayajabeba kwamba alichokitia hakikufanya kazi, akaita afisa wa kilimo na kupeleka mfuko kupimwa.

Vikundi vya Gilgil vikutane Januari, kabla ya mbolea kununuliwa, vichague jambo moja tu la kujaribu, wapige kura ya kanda, na waandike katika daftari moja la shule jina la mbegu, siku ya kupanda, mvua iliyonyesha na kilo zilizopimwa. Daftari hilo likae kwa katibu wa kikundi, lisikae kwa muuza pembejeo.