Dalali wa Nyumba na Mteja Asiyejulikana

Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu, wanaume kwa wanawake, wamezishika mijini ni udalali wa nyumba. Ni kazi ya halali yenye riziki, lakini ina jambo ambalo kazi nyingi hazina: dalali hupokea simu ya mtu asiyemjua asili wala fasili, kisha hutoka akaenda naye, wawili peke yao, mpaka ndani ya nyumba tupu. Na nyumbani kwake aghalabu hapana ajuaye yuko wapi.

Huko London, tarehe 28 Julai 1986, binti wa miaka 25 aitwaye Suzy Lamplugh, mfanyakazi wa ofisi ya mawakala wa nyumba huko Fulham, alitoka ofisini adhuhuri. Katika daftari lake alikuwa ameandika miadi na mtu aliyemwita Bwana Kipper, wakutane kwenye nyumba moja ya barabara ya Shorrolds. Hakurudi. Usiku ule gari lake lilionekana mtaa mwingine, na kipochi chake cha fedha kimo ndani. Jina la Kipper, ambalo kwa Kiingereza ni samaki wa kukaushwa kwa moshi, halikumfikisha mtu yeyote mahakamani. Mwaka 1993 binti huyo alitangazwa kisheria kuwa amekufa, na mpaka leo mwili wake haujapatikana. Wazazi wake hawakukaa na huzuni tu. Mwaka ule ule wa 1986 waliasisi jumuiya yenye jina lake, ambayo hufundisha watu namna ya kujilinda makazini.

Yako na ya karibu zaidi. Mnamo Septemba 2014, katika jimbo la Arkansas huko Marekani, wakala aitwaye Beverly Carter alikwenda kuonyesha nyumba ya shamba nje ya mji wa Little Rock. Walioiomba walijidai kuwa mke na mume wanunuzi. Mumewe Beverly, alipoona saa zinapita, aliifuata anwani ile, akalikuta gari la mkewe na mkewe hayupo. Baada ya siku chache maiti ilipatikana. Mwanamume aliyefanya uovu ule alipoulizwa na waandishi wa habari kwa nini alimchagua yeye, alijibu kuwa ni kwa sababu alikuwa mwanamke afanyaye kazi peke yake. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Dini yetu imekwisha kutukataza mwanamume na mwanamke wasio maharimu wasikae faragha, na hapa usalama nao waelekea njia hiyo hiyo. Lakini asidhani mtu kuwa mteja akisema anakuja na mkewe basi hatari imeondoka. Ya Arkansas yatosha kutuonya. Wala si wanawake tu. Dalali mwanamume anayepokea kodi ya miezi kadhaa mkononi, naye yumo katika hatari hiyo.

Twajua kinachowazuia wengi kuuliza. Dalali hana mshahara. Hula ujira wake nyumba ikipata mtu, na huku kwetu mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja. Basi huogopa kwamba akimtaka mteja aonyeshe kitambulisho, mteja ataudhika na kwenda kwa mwingine. Sisi twasema mteja wa kweli haudhiki, maana yeye naye amtilia dalali shaka, na ana haki. Mabinti wangapi watafutao chumba huongozwa vichochoroni na watu wasiowajua!

Kwanza, mkutano wa awali usiwe kwenye nyumba yenyewe. Asiye na ofisi akutane na mteja barazani au dukani, mbele za watu, achukue jina lake na nambari ya kitambulisho, na kumpa mtu mwingine amshikie. Nyumba ionyeshwe mchana, na akipatikana mlinzi au jirani wa kufuatana nao, ni bora. Wakifika, mteja atangulie na dalali afuate nyuma, asimpe mgongo. Milango iachwe wazi, na dalali abaki upande wa kutokea. Kama amekuja na gari, aliegeshe mahali ambapo gari jingine haliwezi kulizuia. Moyo ukiingia wasiwasi, asione haya kusema amesahau ufunguo mwingine na kutoka. Hiyo ni hasara ya siku moja.

Na watu wa nyumbani wana sehemu yao. Kila atokapo, awaachie anwani na saa ya kurudi, na wakubaliane neno moja ambalo akilisema katika simu watajua kuwa yumo mashakani, ingawa asikiaye pembeni haelewi. Akichelewa nusu saa, apigiwe. Asipopokea, polisi waarifiwe hapo hapo, na jamaa waifuate anwani wakiwa wengi.