Programu Gawana, Siri Funga: Somo la Kompyuta za Zamani kwa Anayetuma Pesa Leo

Wateja wetu wa Suam wanaijua hii vizuri. Uko mpakani, simu dakika moja iko kwa mtandao wa Kenya, dakika inayofuata imedakwa na wa Uganda. Unamtumia mwenye lori pesa ya kubeba mahindi hadi Kitale. Ujumbe hauji. Mwenye lori anasema hajaona kitu. Unatuma tena. Baada ya muda jumbe mbili zinaingia kwa mpigo, na pesa imetoka mara mbili.

Tatizo hili ni la zamani kuliko simu ya mkononi. Watu wa kompyuta walipambana nalo miaka zaidi ya 40 iliyopita, wakapata dawa, halafu wakaigawa bure. Tunaisimulia hapa kwa sababu dawa hiyo bado inafanya kazi kila unapotuma pesa.

Chura aliyebeba mafaili

Mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Columbia kule New York kilihitaji njia ya kuhamisha kazi za wanafunzi kati ya kompyuta kubwa ya chuo na kompyuta ndogo. Mashine zilitoka kwa viwanda tofauti na hazikuelewana. Frank da Cruz na Bill Catchings wakaandika itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya mashine mbili. Wakaiita Kermit, jina la yule chura wa kipindi cha televisheni cha The Muppet Show.

Hawakuificha. Aliyeitaka alilipia gharama ya tepu na kunakili tu, na akishaipata aliruhusiwa kumpa mwenzake. Watu wa vyuo vingine waliiandika upya ili iendane na mashine zao, wakarudisha kazi yao Columbia igawiwe wengine. Mwishowe Kermit ikapatikana kwa mamia ya aina za kompyuta.

Ilivyofanya kazi, mtu wa magunia ataelewa haraka. Ukipakia mahindi Suam, unaandika kwenye karatasi: gunia namba fulani, kilo kadhaa. Kitale wanapima tena. Kilo zikilingana, wanakupigia: "Limefika." Zisipolingana: "Hili lina shida, leta lingine."

Kermit ilikata faili vipande vidogo. Kila kipande kilikuwa na namba yake ya mfululizo na hesabu ya ukaguzi. Anayepokea alipiga hesabu upya. Ikilingana, alijibu "nimepata". Isipolingana, alisema "rudia". Na kama jibu lenyewe lilipotea njiani, mtumaji alirudia kipande kilekile chenye namba ileile. Mpokeaji akiona namba anayo tayari, anakitupa cha pili. Hakuna kitu kinachohesabiwa mara mbili.

Sasa angalia tofauti na wewe ukiwa mpakani. Ukianza kutuma upya kwa mkono wako, mfumo hauoni marudio. Unaona muamala mpya kabisa, wenye namba yake mpya. Kwa hivyo kazi ya kuuliza "cha kwanza kilifika?" inabaki yako. Angalia salio au taarifa ya miamala kwanza, ndipo uamue kurudia.

Barua za Nairobi zilizopita kwa waya wa simu

Afrika Mashariki nayo ilionja utamu wa programu za kugawana. Mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet, mtandao wa kompyuta za kawaida zilizopigiana simu na kubadilishana barua. Programu zake nyingi ziligawiwa bila malipo kwa matumizi yasiyo ya biashara, na zilitosha kwenye disketi chache.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la Environment Liaison Centre International lililokuwa Nairobi liliendesha kituo cha FidoNet kilichohudumia mashirika yasiyo ya serikali. Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala kilikuwa na kituo chake kilichojulikana kama MUKLA. London, shirika la GreenNet lilikuwa lango la kuunganisha barua hizo na mitandao mingine ya dunia.

Wakati huo simu zote za Kenya zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu, na kupiga ng'ambo kulikuwa ghali sana. Kwa hivyo barua zilirundikwa, zikabanwa ziwe ndogo, kisha zikatumwa zote kwa simu moja fupi. Laini ikikatika, mashine zilijua zirudi wapi. Mtafiti au mfanyakazi wa shirika dogo hakuhitaji mtambo wa mamilioni. Alihitaji kompyuta, modemu, laini ya simu, na mtu wa kumnakilia disketi.

Kama kila kampuni ingekuwa na kanuni zake za siri, kompyuta ya Nairobi isingeongea na ya Kampala. Kwa pesa za simu tulipitia hayo hayo. Huduma hizi zilianza Kenya Machi 2007, lakini kwa miaka mingi ukituma kwa mtu wa mtandao mwingine, alipokea namba ya kwenda kutolea pesa kwa ajenti. Ilikuwa hadi 2018 ndipo akaunti za mitandao tofauti zikaanza kutumiana moja kwa moja. Mashine zilikubali kanuni moja, na wewe ukapunguziwa safari.

Bure ina aina zake

Sio kila kilichopita mkono kwa mkono kilikuwa chema. Mwaka 1986, virusi vilivyoitwa Brain vilitoka Lahore, Pakistan, vikasambaa duniani kwa njia hiyo hiyo ya disketi za kuazimana. Disketi iliyobeba programu nzuri na iliyobeba virusi zilifanana kwa macho.

Na kuna bure ya kujaribu. Kompyuta za Windows 3.1 hazikuja na kanuni za intaneti, kwa hivyo mwaka 1994 Peter Tattam wa Tasmania, Australia, akatoa Trumpet Winsock: ijaribu, ukiipenda ulipe. Ilinakiliwa kila mahali, na wengi hawakulipa. Mwaka 2011 baadhi ya waliowahi kuitumia walichanga na kumtumia pesa za shukrani.

Leo disketi imegeuka kuwa faili la programu linalotumwa kwa WhatsApp: "Ndugu, weka hii, inakopesha haraka." Katika stendi za Kitale na Bungoma, fundi anaweza kukuwekea programu kumi kwa dakika tano. Kugawana ni tabia nzuri, ndiyo iliyojenga mitandao. Lakini wale watu wa Kermit walijua nakala inatoka wapi, na ukiwa na shaka ulirudi Columbia kuchukua safi. Wewe pia uwe na pa kurudi.

Mambo ya kushika

Ujumbe ukichelewa, usirudie kutuma. Angalia salio na taarifa ya miamala kwanza. Kama huoni kitu, subiri mtandao utulie uangalie tena.

Ukipokea pesa, amini salio lako, sio ujumbe ambao mtu anakuonyesha kwa simu yake. Namba ya muamala kwenye ujumbe wako ndiyo risiti. Usiifute haraka.

Umetuma mara mbili au kwa mtu asiyefaa? Piga simu huduma kwa wateja mara moja. Mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha kunakuwa kugumu.

Programu ya pesa ipakue kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Mwenzako akiipenda, mwambie jina lake aipakue mwenyewe. Usimtumie faili, na usipokee faili. Programu ya tochi au ya picha ikiomba kusoma jumbe zako, ikatae.

Na kama una mulika mwizi, usijione umeachwa nyuma. Menyu ya nyota na reli inafuata kanuni zilezile kwenye simu ya elfu moja na ya elfu mia.

Kanuni za mtandao zinajulikana na kila mtu, na ndiyo maana mtandao unafanya kazi. Kinacholinda pesa yako ni namba ya siri, na hiyo haina nakala ya kugawana: sio na fundi, sio na ajenti, sio na mtu anayepiga simu akidai anatoka kwetu. Sisi hatutaiuliza kamwe.