Kutoka Pujini hadi Banjul

Kusota, kwa asili yake, ni kwenda kwa makalio. Mtoto ambaye bado hajasimama dede husota. Huko Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, kisiwani Pemba, yapo magofu ya ngome ambayo, kwa masimulizi ya Wapemba, ilijengwa na watu waliobebeshwa mawe vichwani na kuamriwa wayafikishe wakisota. Aliyeamrisha aliitwa Mohammed bin Abdulrahman, lakini jina hilo wanalijua wachache. Wengi wanamjua kwa jina la Mkama Ndume. Kukama ni kukamua maziwa, na ndume ni wanaume. Maana iliyobaki haihitaji mkalimani.

Wanaakiolojia wanaiweka ngome hiyo kwenye karne ya 15. Kisa cha mawe hawawezi kukichimbua, na mimi sikishikilii kama ushahidi. Kinachonishughulisha ni kwamba hao waliokamwa hawakuwa na pa kushitakia. Walichoweza ni kumbandika jina.

Leo ibara ya 25 ya Katiba ya Muungano inakataza kazi ya shuruti, na ya 13 inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Maneno mazuri. Ila haki iliyoandikwa bado inamtaka mtu aifuate mlangoni, na Pemba inalijua hilo tangu zamani. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Wengi hudhani kulikucha watumwa wote wakiwa huru. Sivyo. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mahakamani, bwana wake akalipwa fidia, na yeye aoneshe ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuwamo kabisa. Walisubiri hadi 1909. Hebu fikiria mchuma karafuu asiye na shamba wala nyumba isiyo ya bwana wake: angeanzia wapi?

Siku hizi neno kusota limehamia magazetini, nalo huenda na rumande. Katiba inasema mtu asichukuliwe kuwa na kosa mpaka ithibitike, lakini kifungu kimoja cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, inayotumika Tanzania Bara, kinanyima dhamana kwa makosa kadhaa, ugaidi na utakatishaji fedha yakiwemo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinavunja Katiba. Agosti ya mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshitakiwa Dar es Salaam kwa ugaidi mwaka 2014, walitoka Juni 2021 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuiondoa kesi. Uwe unawaunga mkono au unawapinga, hesabu ni ileile: miaka kama saba, bila hukumu. Kama walikuwa na hatia, hatukuithibitisha. Kama hawakuwa nayo, ile miaka nani atairudisha?

Aliyekwama katika mahakama za nyumbani alikuwa na mlango mmoja zaidi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Tanzania ilikuwa imetoa tamko la kuwaruhusu raia na asasi kufungua kesi huko moja kwa moja, na Watanzania waliutumia mlango huo kuliko raia wa nchi nyingine yoyote, wengi wao wakiwa wafungwa. Novemba 2019 Serikali ililiondoa tamko hilo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa kesi mpya.

Kwa hiyo mtu wa Pujini mwenye malalamiko ya namna hiyo sasa anapaswa kuyapeleka kwa Tume ya Afrika, iliyoko Banjul, Gambia, ng'ambo ya pili ya bara. Tume ikiona inafaa, inaweza kuirudisha kesi yake Arusha.