Uwiano wa Dau katika Ndondi

Miongoni mwa istilahi za michezo ambazo bado hazijatulia katika lugha yetu ni ile inayotaja hesabu wanayoitangaza wachezesha kamari kabla ya pambano. Vijana huiita "odi". Waandishi wengine huifasiri "uwezekano wa kushinda", na wako wanaoichukua kuwa kipimo cha ubora wa bondia. Tafsiri hizi mbili za mwisho zina hitilafu, na gharama yake humwangukia yule anayeweka fedha zake.

Natutazame pambano la uzani wa kati, yaani uzani usiozidi ratili 160, lililofanyika Las Vegas tarehe 6 Aprili 1987 baina ya Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard. Hagler alikuwa bingwa tangu 1980, naye alikwisha kuutetea ubingwa wake mara 12. Leonard alikuwa amepigana mara moja tu katika miaka mitano iliyotangulia. Hivyo Hagler alipewa takriban tatu kwa moja: aliyetaka faida ya dola 1 kwake aliweka dola 3. Baada ya raundi 12 jaji mmoja alimpa Hagler ushindi wa 115 kwa 113. Wawili wakampa Leonard, mmoja 115 kwa 113 na mwingine 118 kwa 110. (Tofauti hiyo kati ya watu waliotazama ulingo mmoja inastaajabisha, na mashabiki wangali wakibishana.)

Je, hesabu ile ilikuwa ya uongo? La. Haikuupima ubora wa Hagler. Ilikuwa bei, nayo bei hupanda na kushuka kwa kufuata fedha za watu. Aidha, ndani yake mna fungu la mchezesha kamari. Tuseme bondia mmoja huhitaji dau la 3 kwa faida ya 1. Bei hiyo ni sawa na asilimia 75. Mpinzani wake hulipa 2 kwa dau la 1, sawa na asilimia 33. Jumla ni 108, ilhali uwezekano wa kweli hauwezi kupita 100. Ziada hiyo ndiyo chimbuko la faida ya mwenye mchezo.

Kwa hiyo tunapendekeza "uwiano wa dau". "Ubingwa" ubaki kuwa jina la cheo, na "ubora" uachiwe wanaobishana juu ya ngumi zenyewe. Kuhusu "mkeka", jina la mtaani la orodha ya michezo aliyoibashiri mtu, hatuoni sababu ya kulifukuza. Limebuniwa vizuri kuliko mengi yetu ya vikaoni.

Linabaki tatizo moja. "Tatu kwa moja" haionyeshi upande: huweza kumhusu anayepewa nafasi kubwa au yule asiyetazamiwa. Mwandishi na aandike "dau 3, faida 1" au "dau 1, faida 3", hata kama sentensi itarefuka.