Kabla Hujatia Sahihi: Mtoto Anapopelekwa Kupimwa

Leo tunazungumza nawe uliyeitwa shuleni ukaambiwa, "Mama, huyu mtoto apelekwe akapimwe." Ukapewa fomu na kalamu. Je, ulijua unakubali nini?

Hapa Kenya, mtoto mwenye shida ya kusikia, kuona, kuongea, kutembea au kushika masomo hupelekwa kwenye kituo cha tathmini ya elimu, kwa kifupi EARC. Vituo hivi vilianza mwaka wa 1984. Mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo atakuelekeza kilicho karibu nawe.

Tathmini si mtihani wa kupita au kuanguka. Mwalimu mwenye mafunzo huangalia jinsi mtoto anavyosikia, anavyoona, anavyocheza na anavyofuata maagizo. Wewe pia utaulizwa: Mimba ilikuwaje? Mtoto alitembea na kuongea akiwa na umri gani? Aliwahi kupata degedege? Kwa hivyo beba kitabu chake cha kliniki.

Sasa shika jambo hili. Kukubali mtoto apimwe ni jambo moja. Kukubali hatua inayofuata baada ya matokeo ni jambo lingine. Ukikubali la kwanza, hujakubali la pili.

Tuseme mtoto wako yuko gredi ya pili na hasikii vizuri. Baada ya kupimwa, unaweza kushauriwa umpeleke hospitali, kwa sababu sikio linalotoa usaha hutibiwa. Huenda akahitaji kifaa cha kusikia, au kuketi mbele darasani. Huenda pia ukashauriwa umpeleke kitengo maalum kilicho ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum ya bweni. Bwenini atapata walimu na wenzake wanaotumia lugha ya ishara, lakini wewe utamwona likizoni tu. Huo ni uamuzi mzito, na haufai kufanywa kwa haraka ukiwa umesimama mlangoni mwa ofisi.

Kabla hujatia sahihi, uliza:

1. Mtoto wangu atapimwa nini, na nani?
2. Ninaweza kuketi naye akipimwa?
3. Nitaelezwa matokeo kwa lugha ninayoielewa, na kupewa nakala?
4. Nani mwingine ataona matokeo hayo? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka taarifa za mtoto zitumiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa manufaa ya mtoto.
5. Kuna msaada mwingine karibu na nyumbani?
6. Atapimwa tena lini? Mtoto hukua, na mahitaji yake hubadilika.

Kama hujui kusoma, omba usomewe fomu yote. Alama ya kidole gumba ina uzito sawa na sahihi. Na wewe nyanya au shangazi unayelea mtoto ambaye mamake yuko mjini, mpigie simu kwanza mkubaliane. Mtoto naye aelezwe anakwenda wapi na kwa nini, asije akadhani anaadhibiwa.

Fahamu pia kwamba fomu ya EARC ni ya mambo ya shule. Ukitaka kumsajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, atahitaji kupimwa na madaktari hospitalini. Hiyo ni safari nyingine, na ina fomu zake.

Mama, kuuliza si kukataa. Kuna wazazi wanaokataa kabisa kwa kuogopa maneno ya majirani, na mtoto akafichwa nyumbani. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, hata huyo wako. Mtoto asiyesikia, na asiyefundishwa lugha ya ishara mapema, hupoteza miaka ya kujifunza lugha, na miaka hiyo ni vigumu kuifidia.

Basi nenda naye akapimwe. Uliza mpaka uelewe, ndipo utie sahihi. Ukifika nyumbani, hifadhi nakala yako pamoja na kitabu cha kliniki.